Matita ya Mirihi

Jumatatu, 23 Septemba

Leo nimechekwa mbele ya walimu kumi na wanne. Daftari hili la mahudhurio lilinyeshewa, likatupwa, nami nimeliokota ili hasira zangu zipate pa kukaa. Mukhisa, mume wangu, ni muuguzi katika hospitali ya misheni kule Lugulu, na huja nyumbani Ijumaa hadi Jumapili tu. Siku nyingine sina wa kumlalamikia ila kuku.

Ilikuwa saa nne, wakati wa chai. Mwalimu Kang'ethe alitoa simu yake tena na kuizungusha mezani. Safari hii ni mraba huko Mirihi: kuta nne, pembe zimekaa sawa, katikati ya jangwa lisilo na mtu. Kang'ethe anafundisha fizikia. Meza yake inagusana na yangu, na kwa miaka kumi na moja tumegawana chupa moja ya chai. Muhula huu ukiisha anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya chaki. Tangu mkewe Bilha afariki mwaka juzi, ameingiwa na mambo haya ya Mirihi. Kwanza ulikuwa uso, halafu mlango kwenye mwamba, sasa ni nyumba.

Nikamwambia mwamba hupasuka kwa mistari iliyonyooka, kwamba mimi hulifundisha jambo hilo katika jiografia ya Kidato cha Tatu, na kwamba ule uso wa mwaka wa sabini na sita, kamera bora zilipoupitia, ulikuwa kilima tu. Alinisikiliza hadi mwisho, kama kawaida yake. Kisha akasema kwa upole, na upole ndio ulioniumiza:

"Madam, wewe unafundisha watoto kukariri majina ya milima. Mimi nafundisha kupima."

Ofisi nzima ikaangua kicheko, hata mwalimu wa dini. Nami nilicheka, lakini kwa meno tu. Nitamwonyesha.

Jumamosi, 28 Septemba

Leo ilikuwa zamu yangu. Kikundi chetu cha akina mama tisa, kinachoongozwa na jirani yangu Chesang, kimekata mahindi yangu yote, ekari mbili, na kuyasimamisha. Hapa Kitale tunakata bua zima pamoja na hindi lake, tunaegemeza mabua pamoja, vichwa juu na miguu nje, tunayafunga kiunoni, na tita linabaki limesimama kama kibanda chenye ncha hadi mahindi yakauke. Chesang hana mchezo. Tita likipinda analibomoa na unaanza upya, hata kama wewe ni mwalimu.

Katikati ya shamba kuna kichuguu kikubwa. Mwaka tuliponunua, Kang'ethe alikuja na kamba na vigingi akanisaidia kupima, akaniambia nisikisawazishe kwa sababu mchwa watarudi tu. Kwa hiyo mistari yetu ikifika pale hupinda, hukizunguka, na kuendelea upande wa pili.

Mgongo unaniuma. Nimekunywa uji na kulala mchana kama mzazi aliyejifungua jana.

Jumatatu, 30 Septemba

Kang'ethe ameniita "Madam wa Milima" mara mbili.

Jumamosi, 5 Oktoba

Kwa Chesang kulikuwa na sherehe ya posa ya binti yake, na Tonny, kijana anayepiga picha za harusi mjini, alileta kamera yake inayoruka. Ilipita juu ya shamba langu ikivuma kama nyuki, na hapo wazo likanijia. Nilimwomba aipandishe tena juu kabisa saa kumi na moja na nusu, jua likiwa chini na vivuli vikiwa virefu.

Aliponionyesha nilimwuliza ni wapi. Mimi niliyeyasimamisha yale matita kwa mikono yangu sikulitambua shamba langu. Kutoka juu hakuna mahindi wala mabua. Kuna piramidi zaidi ya mia zilizopangwa kwa mistari, kila moja na kivuli chake cheusi, na katikati uwanja wa duara ambao mistari yote inauzunguka kwa heshima. Tonny akaongeza wekundu, akakata ua na ng'ombe wa Chesang.

"Madam, hii imeiva," akasema. "Si hii ni Mars kabisa?"

Jumapili, 6 Oktoba

Baada ya ibada nimeituma kwa Kang'ethe. Nikamwandikia kwamba nimeipata katika kundi la watu wanaofuatilia mambo ya anga, na kwamba huenda nilimkosea. Kesho saa nne nitamwacha aizungushe mezani na kuhutubu hadi achoke, kisha nitatoa picha ya kwanza, yenye ng'ombe. Nimechagua hata nguo.

Jumatatu, 7 Oktoba

Saa nne hakuja kunywa chai.

Nilimkuta maabara baada ya kipindi cha sita, ameketi kwenye stuli ya wanafunzi, simu mbele yake. Alikuwa amelia. Sijawahi kumwona Kang'ethe akilia, hata kaburini kwa Bilha hakulia. Siku ile alishika koleo na kufukia pamoja na vijana. Nilisimama mlangoni na ile nguo yangu niliyoichagua.

Akaniambia niketi. Akasema anajua watu wanamcheka, na kwamba hata yeye, akiwa peke yake, hujicheka. Halafu akanieleza jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa miaka miwili yote.

"Mimi nikiamka, bado napanga vikombe viwili," akasema. "Napanga vizuri, laini moja, na sahani chini. Hakuna mtu wa kuona. Sasa kama huko Mars pakavu vile kuna mtu alipanga mawe kwa laini, hata kama alikufa zamani, basi si mimi peke yangu mwenye wazimu huu. Umenipatia kitu, Madam. Na ni wewe, yule ulikuwa unanipinga."

Nilipaswa kusema pale pale. Mdomo ulifunguka. Nikamwambia anywe maji.

Naandika haya jikoni, na moto umezimika mara mbili kwa sababu siuangalii. Naona haya. Nilitaka kumwaibisha mtu kwa siku moja, kwa neno moja alilonitania, na badala yake nimempa kitu cha kushikilia, na kitu chenyewe ni uongo.

Jumanne, 8 Oktoba

Sijasema.

Jumatano, 9 Oktoba

Mambo yamekuwa mabaya zaidi. Mwalimu Mkuu ametangaza kwamba Kang'ethe amealikwa kutoa hotuba kuu katika Siku ya Sayansi huko Bungoma, tarehe ishirini na sita, kama njia ya kumuaga. Watakuwepo maafisa wa elimu, shule kumi na mbili, na wanafunzi wake wa zamani ambao sasa ni madaktari na wahandisi. Mada yake ni alama za Mirihi: kazi ya asili au kazi ya mikono. Walimu walipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Baadaye alisogeza kiti karibu na meza yangu. Alikuwa na rula na karatasi iliyojaa hesabu.

"Madam, ile picha ulisema umeitoa wapi?"

"Kwa lile kundi," nikasema.

"Na wewe unaiamini?"

Nikasema naiamini. Alinitazama kidogo, akakunja karatasi mara nne na kuitia mfukoni.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua imeanza, na huu si wakati wake. Matita yanaloa.

Nimemweleza Mukhisa kila kitu. Alikuwa anakula, akaacha kula, na huyo si mtu wa kuacha ugali. Sikuzoea kumwona akinitazama vile, kama anayetazama kidonda cha mgonjwa aliyechelewa kuja hospitalini.

"Mama Nakhungu," akasema, "Jumatatu umwambie. Usingoje ikomae."

Nikamwambia hajui jinsi mtu yule alivyolia. Akasema hiyo ndiyo sababu. Nikakasirika, nikatoa vyombo mezani kabla hajamaliza. Nikikosa huwa na hasira zaidi kuliko nikikosewa, na hilo analijua.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nilijifunga kibwebwe. Niliingia ofisini mapema, nikamkuta ameshafika, na Mwalimu Mkuu amesimama kando yake akimsifu. Alipotoka nikasema, "Kang'ethe, ile picha." Akainua kichwa haraka mno.

"Ndiyo. Watu wa Bungoma watataka kujua. Umeitoa wapi, kweli?"

Nilidhani anaogopa kuipoteza picha. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba aliyeituma kwenye kundi ni mtafiti mmoja Mtaliano, na kwamba nitatafuta jina lake. Mtaliano! Sijawahi kuongea na Mtaliano maishani mwangu isipokuwa padri mmoja aliyenipaka majivu nikiwa na miaka tisa.

Kang'ethe akaandika katika kitabu chake: Mtaliano. Akapiga mstari chini yake.

Jumatano, 16 Oktoba

Tonny amenipigia akitaka kuiweka ile picha ya kwanza kwenye ukurasa wake, pamoja na jina la kijiji chetu. "Watu wanapenda vitu za juu, Madam. Nitakutag." Nimemsihi angoje hadi tarehe ishirini na saba. Akacheka akauliza kama tunaficha magendo. Amekubali, lakini Tonny akikubali jambo huwa amelisahau.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua. Sijasema.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mvua. Mukhisa hakuniuliza. Alitazama tu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Kang'ethe amekuja shambani bila taarifa.

Nilikuwa natoa majani kwenye mfereji nikamwona ameshaingia katikati ya matita, na viatu vyake vya shule vimejaa matope. Nilimwambia tuingie ndani, chai iko tayari. Akasema baadaye. Alitembea mstari mmoja mzima, akagusa tita moja, akafika kwenye kichuguu, akapanda juu yake. Alisimama pale muda mrefu, akatazama saa yake, akatazama jua lililokuwa linachungulia kati ya mawingu, akatazama kivuli chake mwenyewe. Akapiga picha moja kwa simu.

"Mahindi mazuri," akasema aliposhuka. "Chesang bado ni mkali na laini zake?"

Nikasema bado. Hakuuliza kitu kingine. Alikunywa chai amesimama, akaniuliza habari za mtoto wetu Nakhungu chuoni, akaondoka. Kang'ethe ni mtu wa sayansi na haoni anachokanyaga, hivyo ndivyo nilivyojiambia, na nilifurahi. Naandika hapa kwamba nilifurahi, ili nikisoma baadaye nijue nilifika wapi.

Jumapili, 20 Oktoba

Nilimwendea Chesang kumwomba tubomoe matita yangu wiki hii na tupukuchue. Nilisema ni kwa sababu ya mvua. Ukweli ni kwamba sitaki hata tita moja lionekane limesimama tarehe ishirini na sita. Yaani nimefika mahali pa kuficha mahindi.

"Wewe mwalimu, unataka kupukuchua mahindi iko na maji?" Chesang akaniuliza. "Ishike kuvu, upatie watoto ya nani? Zamu yako ni tarehe tisa mwezi ujao. Kuna nini inakukimbiza?"

Nikasema hakuna. Chesang hakuamini, lakini yeye hamfuati mtu. Hungoja afike mwenyewe.

Jumanne, 22 Oktoba

Upepo usiku kucha. Tita moja karibu na kichuguu limeanguka. Nimelisimamisha peke yangu nikiwa na nguo za shule, likaanguka tena.

Alhamisi, 24 Oktoba

Baada ya masomo alinialika maabara nimsikilize akifanya mazoezi. Hotuba yake ni nzuri mno. Anaanza na ule uso na kukiri waziwazi kwamba ulikuwa kilima. Anaeleza jinsi mwanga wa chini unavyodanganya, jinsi shimo linavyoonekana mlima na mlima shimo. Kisha anafika kwenye mraba na kusema hajui. Halafu picha yangu inajaa ukutani, nyekundu, kubwa kuliko ubao.

"Hapa sijaandika bado," akasema. "Madam, mara ya mwisho. Umeitoa wapi?"

Aliweka chini kalamu na miwani. Aliketi na mikono magotini kama mtoto anayengoja kusomewa matokeo. Nilisema "Kang'ethe," nikasema tena "Kang'ethe," na kengele ya jioni ikalia, na wasichana wawili wakaingia kutafuta sweta.

Walipotoka nikamwambia avae ile tai ya bluu.

Akatikisa kichwa taratibu, kama aliyekuwa anajua nitasema hivyo.

Ijumaa, 25 Oktoba

Shule imefungwa. Wanafunzi walimwimbia hadi Mwalimu Mkuu akafuta machozi. Mukhisa amepiga simu kutoka Lugulu kwamba wana wagonjwa wengi na hatakuja. Akasema neno moja tu, kesho, akakata.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nataka kuandika yote yalivyokuwa.

Tulienda Bungoma kwa gari la Mwalimu Mkuu. Kang'ethe alikaa mbele na tai ya bluu, mimi nyuma na bahasha ya vyeti. Kutoka Kiminini hadi Kamukuywa Mwalimu Mkuu aliongea kuhusu bei ya matairi. Pande zote mbili za barabara yalikuwepo matita, shamba baada ya shamba. Kang'ethe alikuwa ameelekeza uso dirishani. Sijui nilifikiri anatazama nini.

Ukumbi ulijaa hadi wasichana wakaketi sakafuni. Niliwatambua baadhi ya wanafunzi wake wa zamani, watu wenye vitambi sasa, wamekuja na watoto wao. Mmoja aliendesha kutoka Eldoret alfajiri. Niliketi safu ya tatu na nikapanga nimvute kando kabla hajapanda jukwaani. Lakini maafisa walimchukua moja kwa moja hadi meza kuu, na nilipoinuka mtu akaniambia kwa adabu kwamba ratiba imeanza.

Alizungumza vizuri kuliko siku ya mazoezi. Watu walicheka alipokiri kuhusu ule uso. Alipofika kwenye mraba, afisa mmoja na mhandisi wakabishana papo hapo, mmoja akisema nyufa za mwamba, mwingine akiuliza nyufa gani zinapatana pembe nne, na ukumbi ukapamba moto, kila mtu na jirani yake. Nilidhani, nikamwomba Mungu, kwamba muda utaisha hapo.

Kisha ikaja picha yangu.

Kang'ethe akasogea kando asiizibe.

"Picha hii nilipewa na mwenzangu," akasema. "Kwa miaka kumi na moja sijawahi kulikagua neno lake. Kabla mimi sijasema ni nini, nauliza. Kuna mtu hapa anaijua?"

Msichana mmoja akasema ni piramidi. Makofi kidogo. Afisa yule wa nyufa alikuwa ameinama mbele. Nilitazama kushoto na kulia. Wote hawa ni watu wa mahindi. Wazazi wao wako mashambani saa hii wakiyageuza matita yasioze, na hakuna hata mmoja aliyeyajua.

"Nauliza mara ya pili," Kang'ethe akasema.

Nilihesabu nitakachopoteza. Mwalimu Mkuu alikuwa kando yangu. Walimu wa shule kumi na mbili wangejua jina langu kabla ya chakula cha mchana. Kang'ethe akavua miwani, akaipangusa kwa ile tai niliyomchagulia. Ile tai ndiyo iliyonisimamisha, si ujasiri.

Hakuwa amefungua mdomo mara ya tatu.

"Mwalimu, hayo ni mahindi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikarudia. "Ni matita ya shamba langu, Kitale. Nilipigisha picha, nikaipaka rangi, nikakudanganya."

Halafu mama mmoja wa jikoni aliyesimama mlangoni na sinia akasema kwa sauti, "Kumbe! Na hiyo moja mtu hakufunga vizuri," na ukumbi wote ukavunjika kwa kicheko. Sikucheka. Nilikuwa namtazama yeye.

"Asante, Madam," Kang'ethe akasema. "Nilikuwa nimeanza kuogopa."

Akabonyeza kitufe. Ukutani ikaja picha nyingine, ya kawaida, ya kijani na kahawia: shamba langu likionekana kutoka juu ya kichuguu, matita yamepanga mistari, na pembeni mimi mwenyewe na majani ya mfereji mkononi. Watu walisimama kupiga makofi. Walidhani tulipanga. Mwalimu Mkuu alinipiga bega akasema tungemwambia mapema kwamba tuna mchezo mzuri namna hii. Afisa wa elimu akaomba tuurudie katika kaunti nyingine.

Mvua ilipoanza tulijikuta chini ya upenu wa maktaba, sisi wawili. Nilimwuliza alijua lini.

"Siku ya pili baada ya ile ya maabara," akasema. "Nilichora laini zote kwa rula. Zilikuwa zinazunguka kitu. Mimi ndiye nilizungusha kamba kwa hicho kichuguu, Sellah."

Hajawahi kuniita jina langu tangu tujuane. Nikamwambia samahani, ikatoka kavu. Nikamwuliza kwa nini basi alingoja, kwa nini aliniuliza mara tatu badala ya kunigombeza.

"Niliumia," akasema. "Siku ile ya vikombe nilikuwa nimekuambia kitu sijaambia hata watoto wangu. Nikajiambia, ngoja, atakuja. Kila siku nikasema leo atakuja."

"Na kama nisingesimama leo?"

Alitazama mvua.

"Ningesema ni Mars, na niende nyumbani. Wacheke. Sikuwa nauliza watu wa Mars kama wako. Nilikuwa nauliza kama kuna mtu hapa."

Nililia pale upenuni, na kamasi zote, na hakunipa kitambaa.

Jumapili, 27 Oktoba

Tonny ameiweka picha, na ng'ombe wa Chesang ndani. Watu mia nane wameipenda. Sijali.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimeenda shuleni kusimamia mtihani wa taifa. Meza ya Kang'ethe ni tupu, hata ile rula hakuna. Ameacha chupa ya chai upande wangu. Niliijaza, nikakunywa kikombe kimoja, na iliyobaki ikapoa. Nimempigia mara mbili hajashika.

Alhamisi, 7 Novemba

Jua. Chesang ameuma punje tano, akazitema, akasema ziko tayari.

Jumamosi, 9 Novemba

Zamu yangu. Akina mama walifika saa mbili, mashine ya kupukuchua saa tatu. Tulianza kubomoa kutoka barabarani kwenda ndani, tita baada ya tita, kuambua maganda na kurusha mahindi kwenye turubai. Mukhisa alikuwa anabeba. Nilipoinua kichwa kunyoosha mgongo, Kang'ethe alikuwa anaingia langoni amevaa gambuti, na mfuko wa karatasi mkononi.

Hakuja kwangu. Alimsalimia Chesang, na Chesang, ambaye kila mtu Kitale amekwisha kumsimulia ya Bungoma, akampeleka kwenye lile tita lililoanguka na kumwacha hapo. Lilikuwa limeoza chini. Alichambua hindi moja moja, mazuri huku, mabaya kule, hadi saa sita, bila kuinua macho. Nilimpelekea chai nikiwa na kikombe kimoja, kwa maana sikuthubutu kujihesabu.

Alifungua mfuko wake. Alitoa kikombe cha udongo chenye maua ya zambarau ukingoni, na sahani yake.

"Hiki ni cha Bilha," akasema. "Shika vizuri. Ukinidanganya tena nitakirudisha."

Nikakishika kwa mikono miwili. Tuliketi juu ya kichuguu, na shamba mbele yetu lilikuwa tupu, hata tita moja halikubaki. Tulikunywa hadi nusu. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa simu, na nikajua ni nini kabla hajaiwasha.

"Huu mraba," akasema, "bado hujanijibu pembe zake."

Nilitaka kumwambia tena habari za nyufa. Nilikuwa tayari na maneno yote. Badala yake niliweka kikombe cha Bilha mahali pasipoteleza, nikaingia nyumbani, nikapekua meza ya Nakhungu, nikarudi na kipimapembe. Kang'ethe akakuza picha, akaishikilia simu isicheze, nami nikapima. Ya kwanza tisini. Ya pili tisini na tatu. Ya tatu akasema themanini na nane, nikasema themanini na tano, akasema siwezi kusoma kipimapembe, nikamwambia hawezi kushika simu. Chesang alituita mara mbili tukafanye kazi, na hatukumsikia.